Akifika Sita Anasita

Kulikuwa na kinyozi ambaye watoto hawakumwogopa. Wale wanaokiona kiti cha kunyolea wakaanza kurusha mateke, wale wanaong'ata, wale wanaolia tangu nyumbani hata kabla ya kuambiwa wanakopelekwa, wote mwisho wao ulikuwa kwake. Mama mmoja alizipita saluni tatu njiani, moja ya shemeji yake kabisa, akaja kukaa kwenye benchi la kinyozi huyu na mwana aliyekwisha kulia mpaka sauti ikakauka.

Kinyozi hakuwa na haraka. Aliweka ubao juu ya mikono ya kiti, akampandisha mtoto, akampa mashine ya kunyolea aishike mwenyewe. "Mgonjwa huyu, anakohoa tu. Hebu msikilize." Akaiwasha, mashine ikanguruma mkononi mwa mtoto, na mtoto akacheka huku kamasi zikimtiririka. Kichwa kikanyolewa nusu. Hapo mtoto akachoka, akateremka, akaizunguka saluni na nusu yake ya nywele, akalifikia kopo la poda na kulimwaga lote sakafuni. Kinyozi akachukua ufagio. Hakukunja uso hata kidogo.

"Kaka, wewe umeumbwa na moyo gani?" yule mama akauliza. "Mimi huyu ningeshamtandika."

"Nahesabu, dada yangu," kinyozi akasema akizoa poda. "Hasira ikinipanda, moja mpaka kumi, ndipo nafungua mdomo. Jaribu na wewe. Miaka miwili sasa binti yangu sijamgusa hata kwa kidole."

Maneno hayo aliwaambia wateja wote, wenye watoto na wasio na watoto, na wapo walioyabeba wakaenda kuyajaribu kwao. Walimwita Mpole. Yeye aliitikia, na kichwa kilimvimba kidogo, maana mtu akisifiwa kila siku mwishowe husadiki.

Tena haki isemwe, hakuwa mwongo. Miaka miwili nyuma alikuwa na mkono mwepesi kupita kiasi. Siku moja alirudi na mashine nyumbani ili aitie mafuta, na binti yake wa miaka minne akaichukua akaizamisha kwenye beseni la maji, akitaka kuiogesha. Kinyozi alimchapa kwa waya wa mashine hiyohiyo. Alama zilikaa miguuni siku tatu. Siku ya kwanza tu mkewe alikunja nguo za mtoto, akaenda zake kwa kaka yake.

Kaka huyo alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno machache. Alimrudisha dada yake mwenyewe, akakataa kukaa. "Shemeji," alisema amesimama mlangoni, "ukimgusa tena huyu mtoto, nakuja na lori tupu, naondoka na watu wangu wawili na virago vyao. Mkono ukikuwasha, geukia ukuta. Hesabu mpaka kumi." Kinyozi akala kiapo, na kiapo akakishika.

Ila mjomba wa mtoto alisahau kueleza jambo moja, nalo ni nini kifanyike baada ya kumi. Kinyozi alihesabu kweli. Aliugeukia ukuta, akausukuma kwa kidole, akahesabu meno yameumana na kila namba ikiipita mwenzake kwa ukali. Akifika kumi hakugusa mtu. Aligusa vitu. Kikombe kilikwenda ukutani, stuli ikapinduka miguu juu, redio ikaanguka vibaya mpaka ikawa haisemi isipofungwa raba kiunoni. Kisha alitoka uani, akavuta pumzi, akarudi akiwa mtu mwingine kabisa. "Yameisha," alisema. Kwake yeye yalikuwa yameisha.

Binti walimwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu alipoanza hakuwa amepumzika. Sasa alikuwa na miaka sita, anamalizia chekechea, na alikuwa anamwambia kila mpita njia kwamba yeye ni wa darasa la kwanza. Begi lilikwisha kununuliwa. Alikuwa analivaa hata akienda chooni.

Alhamisi moja kinyozi alipokwenda kumchukua, mwalimu wa chekechea alimvuta kando. "Mzazi, subiri kidogo. Tuna tatizo la hesabu."

"Hesabu? Huyu?"

"Herufi zote anazo. Anaimba, anachora, anatusemea na wenzake wasiosema. Lakini kuhesabu, akifika sita anasita."

Kinyozi aliangua kicheko. Ni nani asingecheka? "Anasita penye sita! Mwalimu, hiyo umeitunga wewe?"

"Hata mimi wiki ya kwanza nilicheka," mwalimu akasema, na uso wake haukuonyesha dalili ya kucheka tena. "Moja mpaka tano anakwenda vizuri, ila mikono haitulii, anahamisha vitu vya mezani. Penseli, vikopo vya rangi, vyote anavisogeza pembeni. Halafu badala ya kusema sita anasimama wima, anafumba mdomo, anatazama chini. Hata umbembeleze vipi. Anakaa hivyo mpaka umwambie akakae." Akashusha sauti. "Ijumaa ya wiki ijayo mwalimu mkuu anawapima wanaopanda darasa la kwanza. Asipofika ishirini, atabaki hapa na watoto wadogo. Nyumbani huwa mnahesabu?"

"Sana tu," kinyozi akajibu.

Saluni alisimulia kama kichekesho, wateja wakavunjika mbavu, mmoja akasema labda mtoto ana deni na sita. Lakini kila alipocheka nao kuna kitu kilimchoma. Kichwani alimwona binti yake amekaa kwenye vile viti vya chekechea, magoti yamepita meza, wenzake wote wamekwenda, begi lake mgongoni. Akaapa moyoni kwamba hilo halitatokea akiwa hai.

Jumatatu saluni hufungwa. Baada ya chai ya asubuhi kinyozi alimkalisha Chiriku mezani, chumbani mwao, akampangia vifuniko ishirini vya soda. Vikombe vilikuwa bado mezani na chupa ya chai katikati. Mkewe alikuwa anakunja nguo juu ya kitanda.

Alianza kwa sauti ya saluni. "Haya, mama yangu mkubwa. Hawa ni wateja, wamekuja kunyolewa. Tuwahesabu, ni wangapi?" Chiriku alimtazama kwa mshangao, maana sauti ile hakuwahi kuisikia nyumbani. Akatabasamu. Akaweka kidole kwenye kifuniko cha kwanza.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano."

Akanyamaza.

"Baada ya tano?"

Kimya.

"Inaanza na si."

Kimya. Wakarudia. Wakarudia tena, kinyozi akihesabu naye, na kila wakifika tano alijikuta anaendelea peke yake. Mara ya nne sauti ya saluni ilikuwa imekwisha. Mara ya sita alikuwa anagonga meza kwa kifuniko. Watoto wa watu, aliwaza, watoto wa watu wananimwagia poda nawachekea, na huyu wangu wa kumzaa ananigomea kufungua mdomo tu.

"Unanifanyia makusudi?" akauliza.

Mzazi akishalitamka neno makusudi, ujue ameshawasha moto. Kinyozi alihisi masikio yanapata joto, kisha shingo, kisha mikono. Akasimama. Kiapo ni kiapo; akaugeukia ukuta, akausukuma kwa kidole. Tena alipata wazo kwamba hata vizuri, mtoto ahesabiwe na baba yake mwenyewe, namba zimwingie kichwani.

"Moja!" akasema. "Mbili! Tatu!"

Siku nyingine zote alikuwa hasikii kitu kingine ila sauti yake. Siku hiyo, alipokuwa anasema nne, kifuniko cha soda kilianguka mezani, kikabiringika sakafuni mpaka kisigino chake. Akageuka kabla ya wakati.

Mkewe alikuwa katikati ya chumba, redio kwapani, anaivuta stuli kwa mguu kuipeleka uvunguni. Chiriku alikuwa na vikombe vitatu kifuani, ametumbukiza kimoja ndani ya kingine, ananyata kuelekea kitandani. Mto ulikuwa umeshafunuliwa, na chini yake chupa ya chai imelazwa vizuri pamoja na kioo cha mkono. Hawakugongana, hawakusemeshana. Kila mmoja alijua kazi yake na njia yake, na walikuwa wepesi kama watu wanaoanua nguo mvua ikianza.

Wote wawili waliganda. Chiriku alimtazama mama yake kwanza, akimuuliza kwa macho kosa limetokea wapi. Kisha akamtazama baba.

"Bado, baba," akanong'ona. "Bado tano."

Kinyozi alisimama, kidole bado kimenyooka hewani. "Mnafanya nini?" akauliza, na sauti ilimtoka ndogo.

Mkewe alimtoa mtoto nje, akamwambia akacheze uani. Akairudisha redio mahali pake, taratibu, kabla ya kujibu.

"Ukifika sita unageuka," akasema. "Hujui? Moja mpaka tano unautazama ukuta. Sita unatugeukia sisi, unamalizia huku unatutazama. Siku zote. Kwa hiyo mpaka tano tunaondoa vitu. Ukisema sita tunasimama."

"Mnasimama vipi?"

"Wima. Tumenyamaza. Mtu akitikisika pale ndiyo unazidi."

"Nani kamfundisha mtoto mambo hayo?"

"Nani amfundishe? Kajifundisha. Vikombe ni vyake, redio ni yangu. Aliniomba mwenyewe vikombe viwe vyake."

"Lakini simgusi!"

"Humgusi."

"Miaka miwili, mama Chiriku!"

"Miwili na miezi mitatu. Najua. Huwa unatuambia."

Hasira ikampanda palepale, ya mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu, na alipotaka kuishika akakuta hana cha kuishikia. Moja ilikuja mpaka kwenye ulimi, akaimeza. Akavaa viatu, akaondoka, akazunguka mitaa mpaka miguu ikamwuma. Alitaka sana kumpata mtu wa kumlaumu. Alimfikiria dereva wa lori, alimfikiria mwalimu, alimfikiria mkewe aliyekaa na siri hiyo miaka yote miwili. Kila alipomaliza kumlaumu mmoja aliwaona tena wale wawili, jinsi walivyokuwa hawagongani.

Jumatano mama mmoja alimletea mtoto mkorofi na sifa zake zilezile, Mpole hivi, Mpole vile, mkeo ana bahati. Kinyozi aliendelea kunyoa. Hakumwambia habari ya kuhesabu.

Alhamisi alasiri alirudi mapema. Alimkuta Chiriku mezani anakunywa maziwa, akapiga magoti mbele yake. "Mwanangu," akasema, "baba hatahesabu tena. Umesikia? Hata siku moja."

"Sawa, baba," Chiriku akasema, kwa adabu kabisa. Na huku anasema hivyo akakivuta kikombe chake taratibu, akakishusha mapajani.

Ijumaa walikwenda wote watatu. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa ndogo, ina kabati la mafaili na meza iliyofunikwa kitambaa cha plastiki, na mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Wazazi walikaa nyuma ya mtoto. Chiriku aliamkia, akasema jina lake, jina la mama na la baba, akasoma herufi zote bila kuulizwa mara mbili, akaeleza na habari za begi. Mwalimu mkuu alicheka mpaka miwani ikacheza.

"Haya, mama. Nihesabie mpaka ishirini."

"Moja," Chiriku akaanza. "Mbili. Tatu." Mkono ukaisogeza kalamu ya mwalimu mkuu pembeni. "Nne." Ukaisogeza rula. "Tano."

Akashusha mikono. Akasimama wima.

Mwalimu mkuu alisubiri. Kinyozi alisubiri, mdomo wake ukiumba neno lile bila sauti: sema, mwanangu, sema. Akainama mbele ili asikie vizuri, na kiti kikalia chini yake. Mabega ya Chiriku yakapanda mpaka masikioni.

Mwalimu mkuu aliyaona mabega. Aliinua miwani, akaivaa, akatazama juu ya kichwa cha mtoto. Miaka yote ile kazini ilikuwa imemfundisha mahali pa kutazama.

"Mzazi, hebu nipishe kidogo," akasema.

Mke akainuka.

"Si wewe, mama. Wewe kaa. Baba."

Kinyozi alitoka. Nje palikuwa na ukumbi mrefu wenye mbao za matangazo na viti vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine. Mlango ulifungwa nyuma yake. Alisikia mwalimu mkuu akisema neno ambalo hakulipata, kisha sauti ya binti yake.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi!"

Sita ilipita katikati ya wenzake, wala haikuwa na uzito wowote. Akaendelea. Kumi na moja, kumi na mbili. Alipofika ishirini mwalimu mkuu alisema inatosha, lakini Chiriku alikuwa ameshika kasi, ishirini na moja, ishirini na mbili, na ilibidi asimamishwe kwa kicheko. Ilikuwa sauti kubwa, ya Chiriku hasa, ile iliyompa jina. Kinyozi alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliisikia ndani ya chumba alichomo yeye.

Alifurahi, kwa kuwa mtoto amefaulu, na ni baba gani asiyefurahi. Lakini furaha ile ilimkata. Wiki nzima alikuwa anajiuliza amsaidie nini mtoto wake apite, na msaada wenyewe ulikuwa yeye kutoka nje.

Alipoitwa ndani, mwalimu mkuu alimpa fomu ya kutia saini. Hakumhubiria. "Anajua kuhesabu, mzazi," alisema tu, akimwonyesha mstari. "Alikuwa anajua siku zote." Kinyozi akatia saini, akairudisha fomu.

Njia nzima Chiriku aliwatangazia watu. Mwuza magazeti aliambiwa, fundi viatu aliambiwa, majirani uani waliambiwa kila mmoja kwa wakati wake. Kinyozi hakurudi saluni siku hiyo. Mkewe alipika, wakala mchana pamoja, na kwa mara ya kwanza wiki ile hapakuwa na mtu aliyeziangalia sahani.

Baada ya chakula kinyozi alichuchumaa mbele ya binti yake. Alikuwa amelifikiria neno hilo tangu shuleni.

"Mwalimu mkuu kasikia," akasema. "Mama kasikia. Na mimi je? Nihesabie na mimi nisikie."

Chiriku alimtazama. Haikuwa sura ya mtoto mkaidi. Alikuwa anataka kumfurahisha baba yake, alikuwa anataka sana, na mtu yeyote angeona jinsi anavyotafuta njia. Mwishowe akaipata, uso ukang'aa.

"Haya, baba," akasema. "Toka nje kwanza."

Mke aligeuza uso, akajifanya anafuta meza. Kinyozi alihisi masikio yanapata joto, palepale pa siku zote, kisha shingo. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema hiki ni chumba changu. Aliinuka, magoti yakilia, akatoka. Chiriku mwenyewe ndiye aliyeufunga mlango, na kusukuma komeo.

Kinyozi alisimama uani, paji la uso karibu na ubao wa mlango. Ndani mtoto alianza. Aliipita tano, akaipita sita, akaipita kumi bila kupumzika. Ishirini ilikuja, thelathini ikaja, na sauti ilizidi kufunguka. Jirani aliyekuwa anaanika nguo alimtazama kinyozi aliyefungiwa nje ya kwake, akataka kuuliza, akaacha.

Kwenye hamsini Chiriku alisimama.

"Baba?" akaita. "Upo?"

Kinyozi alifungua mdomo. Nipo ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Akaufumba mdomo, akaushikilia kwa kiganja, akabana na pumzi.

"Ameondoka," Chiriku akamwambia mama yake. Na akaendelea na hamsini na moja, kwa sauti ya juu zaidi.